Meza Mbili Miyomboni

Kihesa, Iringa
4 Mei 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na lile jicho lililokuwa linakutoa machozi ukipepeta mchele, limepona? Baba hajambo? Huku sisi sote wazima, baridi tu ndiyo imeshaanza kutung'ata. Amna ameota meno mawili ya juu na anayajaribu kwenye kila kitu, mpaka bega la baba yake. Bushiri anakusalimu sana. Anasema hata ukimkimbia ataendelea kukusalimu mgongoni.

Naandika kwa karatasi kwa sababu unaijua simu ya baba. Nikipiga anaiweka sauti kubwa, boma zima linasikia mpaka ng'ombe, na jambo lenyewe si la boma zima.

Kaka Justine alinipigia wiki iliyopita. Anasema baba ameamua mhame. Mavuno yakiisha tu, mifugo inapakiwa kwenye malori, mnakwenda Lindi, ambako wenzenu wametangulia na majani ni mengi. Kaka alikuwa anachekelea utadhani anakwenda harusini. Nikamwuliza, mama anasemaje? Akajibu, "Mama hajasema kitu." Mimi nakujua. Wewe ukinyamaza, kuna kitu.

Sasa mimi na Bushiri tumepanga hivi. Tunataka wewe na baba mje Iringa siku moja, nyinyi wawili tu, mtembee. Miaka yote mnapita Ipogolo kwenye basi, mnatazama mlima, mji uko kule juu na hamjawahi kuupanda. Mje muone jengo la Wajerumani ambalo siku hizi ni makumbusho, soko la zamani, jiwe la Gangilonga. Mle hotelini kama watu wanaopendana. Na mkiwa huku, mbali na Justine, umwambie baba lililo moyoni mwako.

Nijibu haraka. Usipojibu nitajua unaogopa.

Mwanao,
Minza


Igawa
15 Mei 2023

Mwanangu Minza,

Marahaba. Mgongo upo vilevile, jicho limepona kwa maji ya chumvi. Nibusie Amna. Mkwe wangu mwambie salamu zake nimezipokea, na aendelee kukaa mbali hivyohivyo, ndiyo heshima ninayoitaka. Barua hii nampa Tupokigwe, yule mama Mnyakyusa anayeuza mchele pale stendi, aikabidhi kwa kondakta pamoja na debe la mchele. Debe likipungua mwulize kondakta, Tupokigwe usimguse.

Eti naogopa! Mimi niliyeswaga ng'ombe kutoka Maswa na mimba ya Justine tumboni, leo niogope kusema? Ngoja nikueleze kwa nini nimenyamaza. Tangu niolewe, neno langu zito halijawahi kutoka kinywani mwangu moja kwa moja mpaka sikioni mwa baba yako. Lilikuwa linapita kwa baba yako mdogo Faustin. Namwambia Faustin, Faustin analipunguza ukali, analipeleka, anarudi na jibu. Na mimi napunguza kidogo, anarudi tena, mpaka tunakutana katikati. Hivyo ndivyo tulivyopata nyumba ya bati. Hivyo ndivyo wewe ulivyokwenda sekondari na baadaye ukaolewa na Bushiri wako. Faustin ndiye huyo tumemzika mwaka jana. Sasa nimtume nani? Justine? Si ndiye anayeuchochea moto wenyewe.

Na kuhama sitaki. Kila tulipohamia nimeanza kwa kukaa nyuma kabisa kwenye misiba, kwenye mkeka wa wageni, hata kisu cha kumenyea ndizi sipewi. Hapa imechukua miaka mpaka nikaitwa jikoni. Siku hizi mtu akifa, mimi ndiye wa kwanza kugongewa mlango. Nikienda Lindi nikafa mwezi unaofuata, atanilia nani? Watanizika watu wasiojua hata nilikuwa naitwaje.

Hiyo safari yenu niliikataa kabla sijamaliza kuisoma. Ila baba yako ameshakubali! Bushiri kampigia, na tangu siku hiyo koti linapigwa pasi kila Jumapili. Haya, nitakuja. Lakini nijibu moja: huko hotelini wanawake wanakaa upande gani? Unajua baba yako anakula na wanaume kwenye moto wao, na mimi nakula jikoni na nyinyi. Sijawahi kutafuna mbele yake, na sitaanzia Iringa, ugenini.

Mama yako,
Nyamizi


Kihesa, Iringa
29 Mei 2023

Mama,

Shikamoo tena. Mchele umefika umejaa, kondakta ni mwaminifu. Wote wazima.

Nimecheka mpaka Bushiri kaja kuuliza kuna nini. Mama jamani, hotelini hakuna upande wa wanawake! Watu wanakaa popote. Nimeshazungumza na mgahawa mmoja pale Miyomboni, ghorofani, mmewekewa meza yenu dirishani, na nimewaagizia kuku wa kienyeji mzima na ugali. Usiwe na wasiwasi, mtajionea.

Mje Jumamosi ya tarehe 17 mwezi ujao. Njoo na sweta, tena zito. Bushiri alitaka awazungushe kwa gari lake, nikamwambia mama yangu atapanda keria ya mizigo juu ya gari kuliko kukaa nyuma ya mkwe, akaelewa. Mimi siku hiyo niko kazini mpaka jioni, mtatembea wenyewe. Kila kitu kiko karibu.

Mama, mwambie siku hiyo. Ukiendelea kumsubiri mtu wa kumtuma, utashtukia umekaa kwenye lori na masufuria yako.

Minza wako


Igawa
21 Juni 2023

Mwanangu Minza,

Marahaba. Tulifika salama, mgongo unauma kwa kile kilima chenu lakini nausamehe. Amna nimemwota usiku wa jana, ana meno yote. Mwambie mkwe wangu ahsante kwa blanketi alilotuachia mlangoni akakimbia. Huyo sasa ameanza kuelewa.

Ulitaka nikuelezee kila kitu. Basi kaa vizuri.

Asubuhi tulianza na lile jengo la Wajerumani. Kuta zake nene, Minza, mlangoni nilipitisha mkono kupima nikashindwa. Baba yako akavua kofia kama yuko kanisani, akaanza kusoma maandishi yote ya ukutani kwa sauti, mpaka mgeni mmoja wa Kizungu akawa anatufuata nyuma akidhani ndiye kiongozi wa msafara. Tukafika kwenye kabati la kioo. Ndani kuna kibuyu cha kusukia maziwa. Kibuyu! Sawasawa na kile changu kilichoning'inia jikoni. Baba yako akanigeukia, akasema, "Mama Justine, kumbe umekuwa makumbusho." Nikamwambia, "Basi nawe nikuone ukilipa kiingilio." Akacheka mpaka akashika ukuta. Sikumbuki mara ya mwisho kumchekesha hivyo mimi mwenyewe.

Sokoni alininunulia kikapu cha ukindu. Sikumwomba. Alikichagua mwenyewe, akakibeba mwenyewe kwa mkono wake, wanaume wanamtazama na yeye hajali. Nikasema moyoni, huyu mtu angezaliwa mjini angekuwa mwingine kabisa.

Sasa hotelini. Wewe binti, mimi niliuliza swali nikajibiwa kicheko. Tumepanda ngazi, baba yako akaona meza ya dirishani, akakaa. Mimi nikatafuta ya kwangu kule ukutani, nikakaa nimempa mgongo, kama inavyotakiwa. Akaja kijana wa kuhudumia, ameandikwa Brayson kifuani.

"Mama, nafasi yenu ni ile pale."

"Pale pamekaliwa, mwanangu."

"Amekaa mzee wako."

"Ndiyo nikasema pamekaliwa."

Akasogea karibu, akaninong'oneza, "Mmegombana?" Nikamwambia tungekuwa tumegombana ningekaa meza moja naye, ili nimkomeshe vizuri. Maskini, akaenda zake anakuna kichwa. Karudi na kuku, sinia moja. Moja! Akasimama nalo katikati ya ukumbi. Baba yako akasema, "Mpelekee mama." Mimi nikasema, "Mpelekee mzee." Akaenda huku, akarudi kule, watu wanacheka, jasho linamtoka na baridi yote ile. Mwishowe akagawa mwenyewe. Firigisi akaiweka kwangu. Nikairudisha mbio kabla baba yako hajaiona.

Tukawa tunakula, yeye dirishani, mimi ukutani. Nyama nzuri, nisiseme uongo. Nikamsikia nyuma yangu: "Mama Justine, imeiva hiyo ya kwako?" Nikajibu imeiva. Halafu akasema, "Huko Lindi wanasema kuna mito haikauki mwaka mzima."

Minza, nilikuwa na tonge mkononi. Ndiyo kwanza alikuwa ananitamkia. Nilisikia kwa Justine, nikasikia kwa majirani, nikasikia kwako, yeye mwenyewe hajawahi. Na Faustin hayupo. Hakuna mtu katikati yetu isipokuwa Brayson na jagi la maji ya kunawa. Nikameza tonge. Nikasema, "Baba Justine, mimi sihami."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu ya umbali wa meza. Mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti akalishusha. Baba yako akauliza, "Umesema?" Na mimi, kwa kuwa nilishaanza, nikamalizia: "Sihami. Wewe nenda na ng'ombe wako, mimi nabaki na nyumba yangu."

Hilo la nenda na ng'ombe wako nililiongeza tu, mwanangu, kama muuza nyanya anavyotaja bei ya kwanza. Kila mtu anajua si bei yenyewe.

Baba yako akasema, "Nimesikia." Akamaliza kula, akanawa, akamshukuru Brayson kwa jina lake. Basi.

Halafu tukaenda Gangilonga. Nilidhani atakuwa amenuna, wala. Tulipofika penye mteremko akanipa koti lake, akatangulia akinionyesha pa kukanyaga. Juu kule upepo unataka kukuvua kilemba. Tukaona mji wote, mabati, miti, barabara zinazopinda kwenda chini. Vijana wawili walikuwa wanajipiga picha, msichana akatuomba tusimame atupige na sisi. Tukasimama tumeachana kama nguzo za lango. Akasema, "Sogeeni, wazee wangu." Baba yako akasogea. Mimi nikasogea. Akasema, "Ni mji mzuri." Nikasema, "Mzuri." Nilikuwa na furaha, Minza, nakwambia wazi. Nimezaa naye watoto, nimehama naye nchi nzima, sikuwa nimewahi kutembea naye tu bila kuswaga kitu mbele yetu.

Tangu turudi hajagusia lile neno. Anafikiria jibu, namjua. Nasubiri ashushe na mimi nishushe. Labda apeleke nusu ya mifugo na Justine, sisi tubaki na nusu. Labda niende nikae naye msimu mmoja halafu turudi. Nina mengi ya kupunguza, ashindwe yeye tu kuanza.

Mama yako mwenye kikapu kipya,
Nyamizi


Kihesa, Iringa
3 Julai 2023

Mama,

Shikamoo. Sote hatujambo. Barua yako nimeisoma mara ngapi sijui. Nimemsomea Bushiri kipande cha sinia, kaanguka kwenye kochi. Nimepita Miyomboni, Brayson anawakumbuka, anauliza mlipatana?

Nami nakuuliza hivyohivyo. Baba amejibu nini? Niandikie hata mistari miwili.

Minza


Kihesa, Iringa
22 Agosti 2023

Mama,

Shikamoo. Sina raha, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja. Barua ya Julai hujajibu, na ya mwanzoni mwa mwezi huu nayo hujajibu. Nikipiga kwa baba anasema, "Mama yako hajambo," anakata.

Jana Bushiri alikuwa anarudi kutoka Mbeya. Makambako akashuka kunywa chai, akaona malori mawili ya ng'ombe yamesimama kwenye kona ya Njombe. Baba alikuwa amekaa mbele, na Justine pembeni yake. Bushiri alimwamkia. Baba akampa mkono vizuri tu, akamwambia wanashuka Songea, Tunduru, mpaka Lindi. Bushiri akatafuta wewe uko gari gani. Akazunguka malori yote mawili. Hukuwemo.

Mama, uko wapi? Uko na nani? Nimemwomba Tupokigwe akuletee barua hii mkononi. Nijibu, la sivyo nakuja na mtoto mgongoni.

Minza wako


Igawa
10 Septemba 2023

Mwanangu Minza,

Marahaba kwa barua zote tatu, na unisamehe. Mgongo hauna neno, mimi mzima, nakula, nalala. Usije mbio. Nipo nyumbani kwangu, palepale uliponiacha. Nilikuwa nakaa na kalamu, nakosa pa kuanzia.

Alichokiona mkwe wangu ni kweli. Tangu turudi Iringa, baba yako hakunitamkia neno la kuhama hata moja. Mimi nikawa nasubiri. Nilidhani anatafuta mtu wa kumtuma. Kila mzee aliyeingia uani nilimwekea kiti haraka haraka, nikisema moyoni ndiye huyu. Anakunywa uji, anauliza habari za mvua, anaondoka. Wakati huo baba yako kapanda juu ya nyumba, anapigilia misumari bati lililokuwa limeng'oka. Kachimba choo kipya. Kapasua kuni, kazipanga mpaka usawa wa dirisha. Nikadhani ni mapenzi ya uzeeni! Nikawa najitapa kwa Tupokigwe kwamba mzee amerudi ujana baada ya kuona mji. Kumbe mwenzangu alikuwa ananiandalia maisha bila yeye.

Siku ya kupakia Justine akaingia ndani kuchukua kitanda changu. Baba yako akamzuia mlangoni. Majirani wapo, wapakiaji wapo. Akasema, "Kiache. Mama yako hahami. Aliniambia kwa kinywa chake, mbele za watu, hakumtuma mtu. Neno la namna hiyo halijadiliwi." Akaniachia maksai wawili wa kulimia, ng'ombe mmoja wa maziwa, na shamba la mpunga. Akanishika mkono. "Baki salama, Mama Justine." Nikamwambia, "Nenda salama, Baba Justine." Akapanda. Wanawake wenzangu wakaja kunipongeza kwamba nimepata mume anayesikiliza.

Anayesikiliza! Minza, mimi nilitaka anibishie. Nilitaka akatae, afoke, amtume mzee yeyote hata asiyejua kusema, aniletee neno la pili. Ningeshuka. Kwa huyu mtu ningeshuka mpaka chini kabisa. Yeye kaniheshimu, na heshima yake imenifungulia lango ikamtoa nje. Nalia nikipika, nalia nikifunga mlango, halafu nacheka nikikumbuka lile sinia.

Usijilaumu kwa kunihimiza niseme. Nilichosema ni kweli na bado ni kweli. Wiki iliyopita kulikuwa na msiba kwa mzee Kalinga, wakanigongea mimi kwanza, kama nilivyokuwa nataka. Nikapika wali wa watu wote. Pale juu ya sufuria nikawa nawaza, huko aliko nani anamsongea ugali, na akiugua nani atamgongea nani.

Tupokigwe amenisukumia simu yake nimpigie mwenyewe. Nimekataa. Nikimpigia mimi, atalipokea neno langu kama lile la Miyomboni, atasema nimesikia, na mambo yatakuwa yamekwisha kabisa. Sasa nataka neno linalopita kwa mtu. Liende, lipunguzwe, lirudi, liende tena. Kwa hiyo nakutuma wewe. Mpigie Justine wakati yuko peke yake, naye akae na baba yake jioni wakiwa wametulia, amwambie. Asiongeze la kwake, na wewe usiongeze la kwako.

Mama anasema hivi: nilisema sihami. Sikusema asirudi.

Mama yako,
Nyamizi